Majani ya Manjano: Le Talisman ya Paul Sérusier na Tatizo la Kuieleza Rangi kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 1888, katika kimsitu kiitwacho Bois d'Amour kando ya mto Aven, karibu na Pont-Aven katika jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa, kijana wa miaka 23 alichora mandhari kwa rangi za mafuta juu ya kibao chenye kimo cha sentimita 27 na upana wa sentimita 21.5. Kijana huyo ni Paul Sérusier (1864–1927). Picha yake, Le Talisman, imehifadhiwa katika Musée d'Orsay, Paris, na huhesabiwa miongoni mwa kazi zilizoielekeza upya sanaa ya Ulaya baada ya uimpresheni.

Makala haya yanaijadili picha hiyo kwa upande ambao wahakiki wa sanaa hawakuwa na sababu ya kuushughulikia, yaani namna inavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba Sérusier alijaribu kuitenga rangi na kitu chenye rangi, na kwamba Kiswahili, ambacho majina yake mengi ya rangi yametokana na majina ya vitu, humlazimisha mfasiri kuuona utengano huo waziwazi kuliko auonavyo msomaji wa Kifaransa.

2.0 Somo la asubuhi moja

Sérusier alikuwa kiranja wa wanafunzi katika Académie Julian, shule ya sanaa iliyokuwa Paris. Humo alifundishwa kwamba umbo hujengwa kwa kupunguza na kuongeza mwanga polepole, hata mtazamaji aamini kwamba shina lililochorwa ni la mviringo. Huko Pont-Aven alikutana na Paul Gauguin (1848–1903), ambaye siku zake za kukaa hapo zilikuwa zikielekea ukingoni. Tarehe 23 mwezi huohuo alikuwa amekwisha kuwasili Arles, kwa Van Gogh. Kwa hiyo somo lenyewe halikuwa mfululizo wa mafunzo. Lilikuwa la asubuhi moja tu.

Habari za somo hilo zimetufikia kupitia kwa Maurice Denis, aliyeziandika mwaka 1903, mwaka aliofariki Gauguin. Kwa mujibu wa Denis, mwalimu alimwuliza mwanafunzi anaionaje miti iliyokuwa mbele yao. Kwa kuwa aliiona ya manjano, akaambiwa aweke manjano. Kivuli kilichoelekea ubuluu kichorwe kwa buluu safi ya ultramarini, na majani yaliyoonekana mekundu yapewe vermilioni. Denis hakuwapo msituni, na alikuwa akisimulia jambo lililopita miaka 15. Maneno hayo, basi, hayana budi kuchukuliwa kuwa masimulizi. Hata hivyo, nyuma ya kibao yapo maandishi yanayotaja mwezi, mahali, na kwamba kazi ilifanywa chini ya uongozi wa Gauguin. Kiini cha masimulizi kina ushahidi.

Katika picha yenyewe, upande wa juu kushoto upo msitu. Njia inakata kimshazari. Miti ya jamii iitwayo hêtre kwa Kifaransa imepangika ukingoni mwa mto, na mbali upande wa kulia kipo kinu cha maji. Chini, maji yanairudisha taswira ya vyote hivyo. Mashina yana rangi ya buluu. Hakuna shina lililotiwa kivuli ili lionekane mviringo, wala jani lililochorwa peke yake. Kila kitu kimekuwa bapa la rangi lililogusana na bapa jingine. Mtazamaji akisogea karibu mno huona madoa tu. Akirudi nyuma hatua mbili, msitu nao hurudi. Wako wanaoiita picha hii chanzo cha sanaa dhahania. Dai hilo limezidi kipimo, kwani karibu kila bapa linaweza kulinganishwa na kitu kilichokuwapo mahali pale. Jambo jipya ni kwamba rangi haikuombwa tena ithibitishe kitu hicho.

3.0 Vuli, jani na manjano

Tatizo la kwanza la mfasiri ni majira. Baadhi ya wafasiri hutumia neno “vuli” kwa majira ya Ulaya ambamo majani hupukutika. Miezi inakaribiana, lakini maana zinapingana. Vuli ya Afrika Mashariki ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba, nazo huleta majani mabichi baada ya ukavu. Msomaji wa pwani akiambiwa “mandhari ya vuli” atatarajia ubichi, ilhali Sérusier alikuwa mbele ya miti inayoupoteza ubichi wake. Ingawa ni refu, “majira ya kupukutika majani” halipotoshi.

Tatizo la pili ndilo zito zaidi. Kiswahili kina vivumishi vya rangi vichache vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huazima majina ya vitu. Kijivu kimetokana na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda. Manjano ni bizari kabla ya kuwa rangi. Kijani ni jani lenyewe, na neno la zamani “chanikiwiti” husema jambo hilohilo kwa lahaja za kaskazini: jani bichi. Kutokana na hali hiyo, “jani la manjano” ni jani lililonyang'anywa rangi inayoitwa kwa jina lake na kupewa ya jikoni. Neno la Kifaransa jaune halina mvutano huo.

Isidhaniwe kwamba kila asemaye “kijivu” hufikiria jivu. Asili ya neno si sawa na utambuzi wa macho. Lakini mfasiri hachagui rangi tu, huchagua pia muundo. Akiandika “miti iliyogeuka manjano”, ameyarudisha majira na sababu: miti ilikuwa kijani, sasa inanyauka. Akiandika “miti ya manjano”, ameacha sababu nje. Muundo wa kwanza unaufaa msitu wa Bretagne. Wa pili unakifaa kibao cha Sérusier. Kuichanganya miundo hiyo ni kumrudisha mwanafunzi Académie Julian. Kuhusu mashina, lugha yenyewe inasaidia: “buluu” ni neno la kukopa lisiloelekeza kwenye kitu chochote, na kwa sababu hiyo “mashina ya buluu” husikika jinsi yanavyoonekana, bila kisingizio.

4.0 Jina la picha

Sérusier alipoionyesha picha hiyo Paris, wenzake, wakiwamo Denis, Pierre Bonnard na Paul Ranson, waliipokea kama ishara, wakajiita Nabis, jina lililotokana na neno la Kiebrania lenye maana ya nabii. Msomaji wa Kiswahili halihitaji fasiri, kwa kuwa “nabii” limetufikia kutoka Kiarabu, lugha ndugu na Kiebrania. Ndivyo ilivyo pia kwa talisman, ambalo Wafaransa walilipata kwa njia ya Kiarabu, nasi tunalo “talasimu”. Kulifasiri kwa “hirizi” ni kosa la kueleweka. Hirizi hushonewa ndani ya ngozi na kuvaliwa, kilichomo kisionekane. Kibao hiki kilikuwa na nguvu kwa sababu kilitazamwa.

Mwaka 1890, akiwa bado hajatimiza miaka 20, Denis alichapisha makala akidai kwamba ubapa wa picha na mpangilio wa rangi zake hutangulia kisa chochote kinachosimuliwa humo. Baadaye yeye mwenyewe akaja kukimiliki kibao cha Sérusier, nacho kikabaki katika familia yake hata kilipoingia katika makumbusho ya taifa mwaka 1985.