Vipele Visivyopona na Unga wa Ngano: Dawa, Vipimo na Chakula

Mtu anayejikuna hapa Dar es Salaam, awe Mbagala au Bunju, mara nyingi ana upele wa kuambukiza, ukurutu au fangasi, wala hana ugomvi wowote na chapati. Nyumba nzima ikijikuna usiku, na vipele vimeshika katikati ya vidole na kiunoni, tibuni kwanza upele huo, wote kwa pamoja. Kijitabu hiki ni cha yule aliyezunguka maduka ya dawa, akapaka krimu za kila aina, na muwasho bado uko palepale.

Ugonjwa wake huenda ukawa damatitisi hepetifomisi, ulioelezwa mwaka 1884 na Louis Duhring, daktari wa Philadelphia. Unaonekana zaidi Ulaya ya Kaskazini. Kwa Waafrika ni nadra, kwa hiyo hata mhudumu mzoefu wa zahanati anaweza kuupita. Hauambukizi. Malengelenge madogo hutoka kwa makundi kwenye viwiko, magoti, makalio na kichwani, pande zote mbili za mwili. Yanawasha na kuchoma, mgonjwa anayapasua kwa kucha, na daktari anakuta magamba na makovu tu. Ukiona lengelenge bichi, lipige picha kwa simu.

Kinachouchochea ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye maumbile ya kuupata, mwili hutengeneza kingamwili zinazoumiza utumbo na kutua kwenye ngozi. Utumbo unaweza kuwa umeumia hata kama hujawahi kuharisha.

Kabla ya kuacha ngano, pimwa

Wengi huacha mkate, wanapata nafuu, ndipo wanaenda hospitali. Hapo vipimo vinaweza kutoka safi na ugonjwa usijulikane. Endelea kula kama kawaida, anzia zahanati au kituo cha afya, kisha omba rufaa ya hospitali: Mwananyamala au Temeke, na ikibidi Muhimbili kwa daktari wa ngozi. Atachukua damu na kukata kinyama kidogo cha ngozi pembeni ya kipele.

Kidonge cha dapsoni

Hiki ndicho kinachozima muwasho, mara nyingi ndani ya siku chache. Wengine wakikiona wanashtuka, kwa sababu dapsoni ni mojawapo ya dawa za ukoma. Jirani akikiona mezani anaweza kuanza maneno. Mjibu kwamba dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni damu. Ukanda wa pwani, kama maeneo mengi yenye malaria, una watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwao dapsoni hupasua chembe nyekundu za damu. Lapdap, dawa ya malaria iliyochanganywa na dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo hiyo. Basi usimeze kidonge cha kuazima, wala usinunue bila kupimwa G6PD na wingi wa damu. Ukishaanza, damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, macho yakiwa ya njano, ukihema kwa shida, midomo au kucha zikigeuka bluu, au ukipata homa, koo kuuma au vipele vipya mwili mzima, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wamwambie daktari mapema.

Ila dapsoni haiponyi utumbo. Ukiiacha huku unaendelea na maandazi, muwasho hurudi.

Jikoni

Hapa Dar hatuna haja ya vyakula vya bei mbaya vya supamaketi. Ugali wa sembe au dona, wali, mihogo, viazi, magimbi, ndizi, mtama, ulezi, maharage, samaki: vyote havina gluteni. Kazi iko kwenye chai ya asubuhi na kwenye vitu vilivyochanganywa. Chapati, maandazi, mkate wa ngano, sambusa, kalimati, tambi na biskuti viache. Bia nyingi za chupa nazo hutokana na shayiri. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, lakini wapo wauzaji wanaoongeza ngano ili vishikane, kwa hiyo uliza. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa zimeshachafuka. Uji wa lishe una hatari yake, kwani wengine hutia ngano. Mashineni, usikubali mahindi yako yafuate lishe ya mwenzako. Subiri mtu mwingine asage mahindi kwanza, au saga nyumbani.

Mkatoliki azungumze na paroko, maana hostia ni ya ngano. Kanisa linaruhusu kupokea divai peke yake. Mwezi wa Ramadhani, tende, uji wa mchele na mihogo ya nazi vinatosha kufuturu.

Chakula kisicho na gluteni huchukua miezi mingi, pengine miaka miwili, kabla daktari hajaanza kupunguza vidonge. Usipunguze mwenyewe. Vidonge vyenyewe vifungie mbali na watoto: vichache tu vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo, na akimeza hata kimoja mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake.