JINO LILILONG'OKA

Wahenga walisema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Maana yake ni kwamba kitu cha badala hakiwi sawa na kile cha asili kilichopotea. Methali hii hutumika kwa mambo mengi, lakini katika habari ya meno yenyewe ni kweli tupu. Meno ya bandia yapo, na mafundi hodari huyatengeneza vizuri. Walakini hakuna lililo bora kuliko jino ambalo Mungu amempa mtu. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi ajue namna ya kuliokoa jino siku ya ajali.

Jioni moja wavulana wa shule walikuwa wakicheza mpira. Mlinda lango, kijana wa miaka 12, aliruka kuudaka mpira, akagongana na mwenzake, na kiwiko cha yule mwenzake kikampiga kinywani. Akaanguka. Alipoinuka, damu ilikuwa ikimtoka, na jino moja la mbele, la juu, halikuwapo. Jino lilionekana mchangani, zima pamoja na mzizi wake.

Wavulana wakamzunguka, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza alisema, "Litupe juu ya paa, kama tulivyofanya utotoni, upate jipya." Wa pili akasema, "Kwanza tulisugue kwa sabuni na mchanga mpaka liwe jeupe." Wa tatu akasema, "Tulifunge katika karatasi, akamwonyeshe mama yake kesho." Wote walimpenda mwenzao, wala hakuna aliyemtakia mabaya. Lakini kama shauri lo lote katika hayo matatu lingalifuatwa, jino lingalipotea.

Msichana mmoja wa darasa la juu, ambaye dada yake alikuwa muuguzi, alikuja mbio. Akasema, "Msilisugue! Nipeni mimi." Akalishika kwenye taji, yaani sehemu ionekanayo kinywani, wala hakuugusa mzizi. Akalimiminia maji safi ya mtungi kwa muda wa kuhesabu mpaka 10, mchanga ukatoka. Kisha akamwambia yule kijana, "Ndugu yangu, fungua kinywa, usiogope." Akalirudisha jino polepole katika tundu lake, upande wa mbele ukielekea mbele, akampa leso safi aing'ate. Mwalimu akampakia nyuma ya baisikeli yake, wakaenda hospitali.

Tabibu wa meno alilitazama jino, akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani, likae hivyo kwa majuma 2. Akauliza pia habari za sindano ya kuzuia pepopunda, kwa sababu jino lilikuwa limeanguka udongoni. Baadaye alikisafisha kiini cha jino na kukiziba. Yule kijana alikula uji na vyakula laini kwa siku nyingi, lakini pengo hakupata.

Kwa nini jino lile lilishika tena? Mzizi wa jino haukushikamanishwa na taya kama msumari na ubao. Hushikwa na nyuzi ndogo sana, nazo zina uhai. Jino likitoka kwa kishindo, nyuzi hukatika, na baadhi yake hubaki juu ya mzizi. Zikisuguliwa, hutoka, zikikauka, hufa. Mkulima ajua jambo hili. Mche ukitolewa kitaluni na kupandwa mara moja, udongo ungali mizizini, hushika. Ukiachwa juani mpaka jioni, hunyauka. Vivyo hivyo jino likirudishwa papo hapo, tumaini ni kubwa. Likikaa kavu kwa saa 1, tumaini ni dogo sana.

Basi, jino la ukubwani liking'oka, kanuni ni hizi:

1. Jino litafutwe mara moja, lishikwe kwenye taji, wala mzizi usiguswe.
2. Likiwa na uchafu, lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi. Lisisuguliwe, wala lisitiwe sabuni au dawa.
3. Lirudishwe katika tundu lake, na mtu ang'ate kitambaa safi.
4. Kama haiwezekani kulirudisha, liwekwe ndani ya maziwa mabichi au yaliyochemshwa na kupoa. Mtindi haufai, kwa sababu ya uchachu wake. Maji matupu nayo si mahali pa kulihifadhi, kwa kuwa huziharibu zile nyuzi. Maziwa yakikosekana, mwenye jino atemee mate katika kikombe, jino likae humo.
5. Mtu aende kwa tabibu saa ile ile. Wazee walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Na hapa huua jino.

Kanuni hizi si za meno ya utoto. Hayo ni 20, nayo kwa kawaida huanza kutoka mtoto afikapo miaka 6 hivi. Yasirudishwe, maana chini yake kuna jino jingine linalokua, nalo laweza kuharibiwa. Hayo ndiyo yawezayo kutupwa juu ya paa! Bali meno ya ukubwani, ambayo yakitimia ni 32, hayana ya kuyafuata.

Ziko ajali nyingine. Jino likivunjika kipande, kipande kichukuliwe ndani ya maziwa au maji, maana pengine tabibu aweza kukigandisha tena. Mtu aliyeng'olewa jino akiendelea kutoka damu, akunje kitambaa safi, akiweke juu ya tundu na kuking'ata kwa nguvu dakika 20 au 30, bila kuchungulia kila mara. Damu isipokoma, arudi hospitali. Jino likiuma, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi mpaka amwone tabibu. Kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya ufizi, maana huuchoma.

Lakini shavu au shingo ikivimba, tena mtu awe na homa, au ashindwe kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, asingoje mapambazuko. Usaha wa jino waweza kushuka shingoni na kuziba njia ya pumzi. Watu wamekufa kwa ugonjwa ulioanza na tundu dogo la jino.

Kukinga ni bora kuliko kuponya. Meno si bisibisi. Yasifungue chupa wala kukata waya. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hulila jino kidogo kidogo. Kwa hiyo peremende na vinywaji vitamu visiliwe wala kunywewa mchana kutwa. Meno yasafishwe mara 2 kila siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Watu wa pwani tangu zamani hutumia kijiti cha mti uitwao mswaki. Nacho chafaa, kikitafunwa mpaka ncha iwe laini na kutumiwa bila kuuchoma ufizi.

Yule mlinda lango aliendelea kulinda lango. Na wale wenzake watatu, waliotaka kutupa, kusugua na kufunga, waliyaandika maneno ya yule msichana katika madaftari yao. Wema wao ulikuwapo tangu mwanzo; kilichopungua kilikuwa maarifa.

MASWALI

1. Eleza maana ya methali "Jino la pembe si dawa ya pengo."
2. Mashauri ya wavulana watatu yalikuwa yapi? Onyesha kosa la kila moja.
3. Kwa nini mzizi wa jino usiguswe wala kusuguliwa?
4. Jino la utoto na jino la ukubwani yakitoka kwa ajali, hutendewaje? Eleza sababu.
5. Taja dalili za mtu mwenye jino bovu apasaye kupelekwa hospitali bila kungoja.