Zulia Lisilo na Juu Wala Chini: Nakshi katika Darasa la Tano

Mwalimu mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule ya mlimani kama za Mhezi, mara nyingi huanza somo la ususi kwa kuchora ua ubaoni na kuwaagiza watoto walitie kwenye mkeka. Ua halitokei, na watoto hujiona hawana kipaji. Kosa si lao. Jani hupita juu na chini ya jani jingine kwa mstari ulionyoka. Kila mviringo hugeuka ngazi.

Mchoraji Francis Bacon, aliyezaliwa Dublin mwaka 1909, kabla ya kujulikana kwa picha zake za nyuso zilizopotoka, alisanifu samani na mazulia mjini London. Jarida la The Studio lilionyesha kazi hizo mwaka 1930. Hakusomea chuo cha sanaa; mengi aliyapata kwa kutazama, hususan michoro ya Picasso aliyoiona Paris. Mazulia yake hayana ua wala mnyama, bali mistari, pembe na mabapa ya rangi yanayopandana. Baadaye alizidharau kazi hizo. Kwa haja yetu walimu, naona alizidharau bure.

Zulia, kama mkeka, hutazamwa na walioketi pande zote. Ng'ombe aliyesukwa katikati humpendeza mgeni mmoja. Aliye mkabala naye humwona miguu juu. Umbo tupu halimpendelei mtu.

Basi mpe kila mtoto karatasi ya daftari la hesabu, miraba 20 kwa 20, na rangi tatu. Sharti ni moja: mraba usikatwe. Baada ya dakika 15, karatasi izungushwe mbele ya jirani yake, naye aseme upande upi ni chini. Akijibu bila kusita, hiyo bado ni picha. Mwenyewe abadilishe umbo moja tu, kisha wajaribu tena. Usichore mfano ubaoni, la sivyo utasahihisha nakala 40 za mchoro wako.

Katika kusahihisha, muulize mtoto kwa nini nyekundu ameiweka pale. (Mkaguzi akiuliza ni picha ya nini, mwache mtoto ajibu.)

Kipindi cha pili, wasuke kipande cha ukubwa wa kiganja kwa magome makavu ya migomba, ambayo hayanunuliwi. Mwalike mama msusi wa kijijini aseme nakshi ipi husukika na ipi haisukiki, na kwa sababu gani. Maneno yake yaandikwe pembeni mwa kila karatasi.