Mzito wa Ulimi

JUMATANO

Soma Kutoka 4:10–16. Musa alitoa udhuru gani, na Mungu alimpa nini?

Mbele ya kijiti kilichowaka moto, Musa alieleza kwamba hana wepesi wa kusema. Maandiko hayataji aina ya tatizo hilo, lakini mwenye kigugumizi huyatambua mafungu haya mara moja: neno analijua, liko tayari moyoni, ila halitoki. Baadaye Musa aliurudia udhuru uleule (Kut. 6:12, 30). Uzito haukuondoka siku ile ya kijiti.

Mungu aliahidi kuwa pamoja na kinywa chake. Musa alipoomba atumwe mwingine, hasira ya Bwana iliwaka, lakini hakumwondoa kazini; alimpa Haruni. Angalia vizuri fungu la 15. Musa ndiye anayetia maneno katika kinywa cha Haruni. Ujumbe ulibaki mikononi mwa yule mzito wa ulimi.

Darasani mara nyingi hufanyika kinyume. Ndugu anakwama kwenye silabi ya kwanza, na kabla hajavuka, wawili watatu wamekwisha kummalizia neno, pengine si lile alilokusudia. Mwingine anamwambia, kwa nia njema kabisa, “Tulia, vuta pumzi.” Hilo humwongezea mkazo tu. Linganisha na Mithali 18:13.

Kigugumizi hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, na watoto wengi hukiacha wanapokua. Mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Hakitokani na upungufu wa akili wala malezi mabaya, wala si pepo wa kukemewa. Mtoto anayeitwa mbele ya kanisa zima ili ulimi wake uombewe anaweza kurudi kitini akiwa ameazimia kutosema tena. Yesu alipoletewa kiziwi mwenye utasi, kwanza alimtenga na makutano (Marko 7:32, 33).

Kisha kuna desturi ya kusoma mafungu kwa zamu. Mwenye kigugumizi huhesabu watu walio mbele yake, hutafuta fungu litakalomwangukia, na katika muda huo wote hasikii somo. Wengine hutoka nje kabla zamu haijafika. Mwalimu anaweza kumuuliza faraghani, katikati ya juma, angependa iweje. Mwingine atapenda asome kama wote, apewe muda tu. Mwingine atapenda darasa lisome kwa pamoja, kwa kuwa wengi wenye kigugumizi hawakwami wanaposoma pamoja na wenzao au wanapoimba. Anaposema peke yake, wenzake wamtazame kama kawaida na kungoja mpaka amalize.

Ni nani katika darasa lenu anayejua jibu lakini hanyoshi mkono? Je, amewahi kuulizwa angependa kusaidiwaje?