Somo: Ushahidi wa Mwenye Kuona Dhulma

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu tumekwisha kusoma mara nyingi habari za ushahidi: ushahidi wa ndoa, wa deni na wa mirathi. Leo twataka kuendelea katika mlango huo huo kwa ushahidi ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ni katika dini, nao ni ushahidi wa mwenye kuona watu wakidhulumiwa na kuuawa. Twajua kuwa Sura ya Baqara, katika aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi na imemhesabu mwenye kuuficha kuwa moyo wake una dhambi. Aya hiyo imekuja katika mambo ya deni. Ikiwa ndivyo kwa mali, itakuwaje kwa roho?

Mfano wetu twautoa Kaskazini Mashariki ya Kenya. Tarehe 10 Februari 1984 askari wa serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika wilaya ya Wajir, ikasemwa kuwa ni kwa ajili ya kuwapokonya silaha, wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla. Huko walivuliwa nguo wakalazwa juani kwa siku kadhaa, bila ya chakula wala maji. Wengine walipigwa hata kufa, na waliojaribu kukimbia wakamiminiwa risasi. Maiti zikatupwa porini.

Serikali ikasema kuwa waliokufa ni watu 57. Mwaka 2000 ikasema ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ikaandika kuwa ni karibu ya watu 1,000. Na wenyeji wataja idadi kubwa kuliko hiyo. Maiti hawakuongezeka baada ya 1984. Basi ni kitu gani kilichoipandisha hesabu?

Ni watu wachache waliokataa kunyamaza. Miongoni mwao ni Annalena Tonelli, bibi wa Kitaliana aliyekuja Kenya mwaka 1969, na ambaye alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu hapo Wajir. Alitoka kwenda porini, akaokota majeruhi na kuzika maiti, na kwa juhudi yake habari zikawafikia wajumbe wa nchi za kigeni. Mwaka 1985 alifukuzwa nchini. Ahmed Khalif, mmoja wa wabunge wa Wajir, alilisema jambo hilo Bungeni mwaka ule ule wa 1984, wakati ambao kulisema lilikuwa si jambo dogo. Na twamtaja bibi huyu, ambaye hakuwa Mwislamu, kwa makusudi. Kwani maiti zile zilikuwa za Waislamu, na Waislamu wa miji yetu, tuseme kweli, walinyamaza.

Ama Garissa hali yake ni nyingine. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini humo, askari waliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi, na watu wakazuiliwa katika uwanja wa shule. Wasomali waliita Garissa Gubay, yaani Garissa iliyoungua. Idadi ya waliokufa haijaafikiwa hata leo.

Hapa ndipo penye somo. Wanazuoni wa hadithi walitufundisha kutenganisha aliyeona na aliyesikia, na kumjua kila mpokezi kwa jina lake. Wenye kuandika habari za dhulma wafanya kazi hiyo hiyo: jina la marehemu na la baba yake, siku, mahali alipoonekana mwisho, nani aliyemwona kwa macho na nani aliyeambiwa. Uvumi usio na mwenyewe hauandikwi kuwa ni ushahidi.

Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya Wasomali. Lakini sheria ya mwaka 1970, iliyowakinga maofisa na askari na mashtaka kwa waliyoyatenda zama za vita vya shifta, haikutaja Kaskazini Mashariki peke yake. Ilizitaja pia Tana River na Lamu. Tena tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walipowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwabagua Wakristo na Waislamu, dhulma ambayo ni wajibu wetu kuishuhudia kama tunavyoishuhudia ya Wagalla, hazikupita siku nyingi ila serikali ikafunga akaunti za MUHURI na Haki Africa, jumuiya mbili za haki za binaadamu zilizoko Mombasa. Mahakama iliamuru zifunguliwe mwaka huo huo. Mwaka 2016 Haki Africa ikatoa ripoti ya watu 81 wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012.

Aliyekuwa na miaka ishirini Bulla Kartasi ilipochomwa, leo amepita sitini. Baadhi ya watu wa Garissa wa umri huo wamo katika miji yetu, na twasali nao safu moja. Anayejua kuandika katika sisi na aanze kwao, kwa idhini yao, daftari na kalamu mkononi.