Andazi la punda, jiwe la maksai: maswali kutoka Bonde la Kilombero

Msimu wa plau unakaribia bondeni, na maswali ya safari hii karibu yote yameegemea upande mmoja: mnyama wa kazi tumtengenezee nini cha kumpa hamu na nguvu, hapa hapa nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana Ifakara? Anajibu mtaalamu wetu wa lishe ya mifugo.

Daktari, shikamoo. Nikiwa Dar es Salaam niliwaona farasi wa polisi wakilishwa karoti mkononi. Kwa nini huku kwetu hatuna farasi? Na punda wangu naye nimpe karoti? (Msomaji, Kibaoni)

Marahaba. Farasi hatuna kwa sababu ya mbung'o. Bonde letu limebanwa kati ya misitu ya Udzungwa na pori lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kote huko mbung'o wapo. Mdudu huyo hueneza nagana, na farasi hana kinga ya maana dhidi yake. Akiugua bila tiba hukonda na kufa mapema. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilibebwa na mabega ya watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalijaribu kuingia nchi hii na farasi na nyumbu, yakawapoteza kwa maelfu. Unguja walifanikiwa kumtokomeza mbung'o wao mwaka 1997 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, ambao walizalishwa Tanga. Ila kile ni kisiwa. Huku bara, ukiua wa leo, wa kesho anatoka porini.

Punda ni ndugu wa damu wa farasi, lakini nagana anaistahimili zaidi, ingawa naye huugua. Karoti mpe. Zikate kwa urefu, vipande vyembamba kama vidole, maana kipande cha duara humkwama kooni. Lakini karoti za Ifakara nyingi zimepanda gari kutoka milimani, na bei yake unaijua. Sioni sababu ya kununua karoti wakati miwa ipo. Menya muwa, ukate vipande vifupi, vipande vitano au sita baada ya kazi. Utamwona anavyokusubiri kesho yake.

Nina punda wawili wa mkokoteni. Nataka kuwatengenezea kitu kikavu cha kukaa nacho mfukoni, niwape njiani. Nichanganye nini? (Msafirisha mizigo, Lupiro)

Chukua vikombe viwili vya pumba laini ya mpunga iliyotoka mashineni leo au jana, kikombe kimoja cha mahindi yaliyoparazwa, nusu kikombe cha molasi, na chumvi ya kujaa kijiko cha chai. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka ukifinyanga tonge linashikana bila kuchuruzika. Molasi ikikosekana, na siku hizi inagombaniwa kwa sababu kiwanda cha sukari kinaitumia pia kutengeneza spiriti, tumia sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, au maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yawe mazito.

Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu, uvibonyeze viwe bapa. Oka kwenye sufuria yenye kifuniko, makaa machache chini na machache juu, kama wanavyooka mkate wa kumimina. Moto uwe mdogo. Baada ya nusu saa hivi vitakuwa vimekauka juu. Vianike juani siku nzima ili unyevu wa ndani nao uishe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kidonge kinaonekana kikavu, kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki, siku ya tatu kimeota ukungu. Vihifadhi kwenye kapu au mfuko wa kitambaa. Chenye doa la kijani au jeupe ukitupe, wala usikipanguse ukampa.

Vidonge viwili au vitatu kwa siku kwa kila punda vinatosha. Punda ameumbwa kwa nchi kavu zenye majani haba, na utumbo wake haukuzoea vitu vitamu na vya wanga. Ukimzidishia, tumbo linamsokota au kwato zinawaka moto kwa ndani, anaanza kutembea kama aliyekanyaga miiba. Chakula chake kiendelee kuwa majani makavu na maji safi.

Karibu na kwangu kuna mashine ya kukoboa na pumba ni ya bure. Kwa nini nisimpe punda hiyo hiyo kila siku, debe zima? (Msomaji, Mang'ula)

Kwa sababu mbili, na ya pili watu wengi hawaijui.

Kwanza, uliza ni pumba gani. Mashine nyingi za zamani bondeni hukoboa kwa mkupuo mmoja, ganda la nje na ngozi laini ya mchele vinatoka vimechanganyika. Ganda la nje halina lishe, linakwaruza tu. Pima hivi: chota kiganja kimoja, mimina kwenye glasi ya maji, koroga, acha kidogo. Maganda yataelea, pumba laini italowa na kushuka. Ikiwa nusu ya glasi inaelea, hiyo watandikie kuku chini. Kisha inuse. Pumba mpya hunukia utamu wa mbali, kama karanga mbichi. Mafuta yaliyomo huchacha upesi, na kwa joto la Ifakara siku chache tu zinatosha. Ikishanuka mafuta yaliyokaa, mnyama ataisusia, na ana haki.

Pili, pumba ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Mnyama wa jamii ya farasi akilishwa pumba nyingi kwa miezi, mwili wake hukosa kalisi, ukaanza kuichota kwenye mifupa. Mifupa ya uso huvimba na kulegea, meno yanacheza, mnyama anachechemea leo mguu huu kesho ule. Huko Ulaya ugonjwa huu uliwahi kupewa jina la wasaga nafaka, kwa kuwa farasi wao ndio walioishi kwa pumba. Kwa hiyo pumba iwe kionjo, isiwe mlo. Ukilazimika kutoa zaidi ya vikombe vinne au vitano kwa siku, changanya chokaa ya mifugo kwa kipimo utakachopewa na ofisa mifugo wa kata.

Naomba orodha ya vitu vya kumpa punda na vya kutompa. (Mwanafunzi, Mlimba)

Orodha ndefu husahaulika, kwa hiyo nitakutajia vile vinavyoua au kuharibu, na vilivyo karibu nawe.

Chakula cha kuku ndicho ninachokiogopa zaidi. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama huchanganywa dawa za kuzuia koksidiosi, kama monensini na salinomaisini. Kuku haimdhuru. Punda na farasi kiasi kidogo tu huharibu moyo wao na misuli, na dawa ya kuwaponya hakuna. Gunia la kuku likimwagika mkokotenini, mfunge punda mbali kabla hujaanza kuzoa.

Mahindi yenye ukungu wa waridi au wa kijivu yanafuata. Sumu ya ukungu ule huozesha ubongo wa punda. Anayumba, anaegemeza kichwa ukutani, na siku chache baadaye amekufa. Watu husema amerogwa.

Lukina, ambayo kwa ng'ombe na mbuzi ni majani mazuri wakipewa kwa kiasi, humnyonyoa punda singa za shingo na mkia. Majani ya parachichi usimpe kabisa. Muhogo mchungu mbichi, hapana. Embe mpe nyama yake bila kokwa. Ganda la tikiti, vipande vya boga, ganda la ndizi, papai lisilooza: ruksa, kwa kiasi.

Sisi ni wafugaji na wakulima, tunalimia maksai. Kila Novemba wakati wa kulima unafika, ng'ombe wenyewe mbavu zinahesabika. Nimesikia kuna jiwe la kulamba linalotengenezwa kwa molasi. Linatengenezwaje? (Mkulima, Malinyi)

Swali hili ningependa lisomwe na kila mwenye plau. Maksai wa bondeni hukonda katika miezi ambayo angepaswa kunenepeshwa. Agosti hadi Oktoba majani yamekuwa makuti, hayana protini, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinavyomsaidia kuyasaga vinakosa riziki. Jiwe la molasi huvilisha vijidudu hivyo: urea inavipa naitrojeni, molasi inavipa nguvu.

Kwa jiwe la kilo 10: molasi kilo 4, urea kilo 1, chumvi kilo 1, saruji kilo 1, pumba laini kilo 3. Urea ni ile ile ya mbolea, lakini pima kwa mizani, sio kwa kopo. Iponde mabonge yote, uitie kwenye molasi, ukoroge mpaka ukisugua tone kati ya vidole usisikie hata chembe moja. Koroga sana. Bonge moja lililobaki zima ndilo litakalomwua ng'ombe mmoja. Molasi usiiongezee maji. Chumvi na saruji vichanganye pembeni kwa maji kidogo viwe uji mzito, vitie, na pumba iwe ya mwisho. Shindilia kwenye ndoo ndogo au kibao cha kufyatulia tofali kilichotandikwa plastiki. Toa kesho yake, kausha kivulini wiki moja hadi mbili. Likiwa tayari, kidole gumba kikibonyeza hakiingii.

Saruji isikushtue, kwa kiasi hicho haina madhara, na ndiyo inayolifanya jiwe ligumu, ng'ombe alambe badala ya kutafuna. Maksai mkubwa atakula karibu nusu kilo kwa siku. Siku za mwanzo mpe kwa saa moja tu, akiwa ameshiba majani, uongeze taratibu kwa wiki mbili. Anza Septemba. Ukisubiri mvua za kwanza umechelewa.

Hilo jiwe naweza kumpa punda, mbuzi na ndama? (Msomaji, Mngeta)

Punda, hapana. Tumbo lake si la kucheua. Urea hufyonzwa na kutoka kwenye mkojo kabla ya kumfaa, na ikizidi inamwua. Ndama wa chini ya miezi sita, hapana. Mbuzi na kondoo wakubwa, ndiyo, gramu 100 hivi kwa siku.

Majani ya mpunga tunayachoma kila mwaka baada ya kuvuna. Yana kazi? (Mkulima, Mbingu)

Yana kazi kubwa, na moshi ule wa Julai na Agosti huwa unaniuma. Pima kilo 100 za majani makavu. Yeyusha kilo 4 za urea kwenye maji lita 60, nyunyiza tabaka kwa tabaka, shindilia kwenye shimo au kona ya ukuta, funika kwa turubai pasipite hewa. Fungua baada ya siku 21. Yatakuwa ya njano iliyokolea na harufu ya kukaba pua; yatandaze mpaka harufu ile ipungue ndipo uwape ng'ombe. Ya punda yaache makavu bila urea.

Bonde hili ni ardhioevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na sote tunakumbuka operesheni ya kuondoa mifugo mwaka 2012. Malisho ya kutangatanga hayatarudi kama zamani. Mwenye rundo la majani ya mpunga nyumbani ana hoja ya kuwaeleza wenye mamlaka, na ana maksai.

Punda wangu tangu nianze kumpa vitu mkononi anauma watu. (Msomaji, Ifakara mjini)

Mpe kwenye beseni, na saa ile ile kila siku, baada ya kumfungua mkokoteni. Akisukuma kwa pua au kuonyesha meno, ondoka na beseni lako. Wiki mbili zinatosha. Watoto wasimlishe mkononi hata akiwa mpole.

Mvua ilinyesha kwenye jiwe la kulamba, maksai wakanywa yale maji. Mmoja alikufa. Ningefanya nini? (Mfugaji, Idete)

Pole sana. Maji yale yalikuwa urea tupu. Dalili huanza chini ya saa moja: mate, kutetemeka, tumbo kujaa, pumzi za shida. Ng'ombe akiwa bado anasimama na anameza, mnyweshe polepole siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji baridi lita 20 hadi 30, huku ofisa mifugo akiitwa. Aliyelala chini asiyeweza kumeza usimnyweshe, utamjaza mapafu. Kwa hiyo wenye mawe ya kulamba wote, kabla ya msimu jengeni kibanda cha bati juu ya jiwe, chini kuwe na mwinuko pasituame maji, na nyumbani msikose dumu la siki.