Vidonda vya Mdomo na Dripu za Saratani: Dawa ya Kutema au ya Kumeza?

Kijana msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa anayewekewa dripu za saratani, huenda umeliona hili. Anarudi kutoka hospitali anaongea vizuri tu, halafu baada ya wiki moja hivi hata uji unamshinda. Ukichungulia mdomoni, ulimi na mashavu kwa ndani ni mekundu na yana vidonda. Hapo kila jirani anakuja na dawa yake: alovera, karafuu, asali, mwarobaini. Ushike ipi?

Kwanza ujue vinatoka wapi. Hajalogwa. Dawa za saratani huua seli zinazojigawa upesi, na utando laini wa mdomo nao hujigawa upesi. Dawa haichagui. Doksorubisini, ile dripu nyekundu wanayopewa akina mama wengi wenye saratani ya matiti, hufanya hivyo. Methotreksati nayo ni hivyo hivyo. Vidonda vingi hupona vyenyewe baada ya wiki mbili tatu. Hatari yake ni kwamba siku hizo hizo chembechembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, hivyo kidonda kinakuwa mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Sasa turudi kwa majirani. Swali la kuwauliza ni moja: dawa yenu inatemwa au inamezwa?

Ya kutema iliyo salama kuliko zote iko jikoni. Chemsha maji nusu lita, yapoe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha soda ya kuokea (si hamira, wala si magadi ya mawe). Mgonjwa asukutue kila baada ya chakula na kabla ya kulala. Mswaki uwe laini. Ule wa mti uwekwe kando kwanza, unachubua.

Asali si hadithi za bibi tu. Mwaka 2020 mwongozo wa wataalamu wa kimataifa uliipendekeza kuzuia vidonda kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaopigwa mionzi. Kwa wanaopata dripu peke yake ushahidi hautoshi, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino, hilo kweli, lakini kwenye kidonda kibichi yanaunguza. Ndimu, ukwaju na pilipili ni vile vile. Alovera ina utomvu wa njano chini ya ganda, na utomvu huo unaharisha. Mgonjwa ambaye hata maji hayamezi, ukimharisha tena itakuwaje?

Mizizi na majani ya kunywa ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Usiniambie ati ni ya asili, kwa hiyo haidhuru. Vinkristini, dawa kali ya saratani, inatoka kwenye ua dogo la Madagaska ambalo watu hupanda bustanini kama pambo, na ukilitafuna ni sumu. Halafu fikiria figo. Methotreksati hutoka mwilini kupitia figo. Mgonjwa akinywa kitu kinachosumbua figo, dawa inabaki mwilini siku nyingi, na vidonda ulivyotaka kuviponya vinazidi.

Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usisubiri kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo akishindwa kunywa maji, au mdomo ukivuja damu. Ukiona utando mweupe ulimini, inaweza kuwa fangasi, na hiyo ina dawa yake. Kama kuna mizizi ameshakunywa, usimfiche nesi kwa kuogopa kukaripiwa. Beba hiyo chupa uende nayo.